Pengo la raundi moja: namna ya kukokotoa wakimbiaji wanapokutana uwanjani

Barabara ya kutoka Kigoma mjini kwenda Ujiji ina mwanzo na mwisho. Mkimbiaji mmoja akiondoka stesheni ya reli, na mwenzake akaondoka Ujiji upande wa makumbusho ya Livingstone dakika ileile, kila mmoja akielekea alikotoka mwenzake, watapishana mara moja tu. Hesabu yake ni fupi. Tuseme kati yao kuna kilomita 6, mmoja anakimbia mita 5 kwa sekunde na mwingine mita 3. Kila sekunde pengo linapungua kwa mita 8, basi 6,000 ÷ 8 = 750, yaani dakika 12 na nusu. Baada ya hapo kila hatua inawatenganisha.

Sasa wachukue haohao, uwapeleke Uwanja wa Lake Tanganyika, uwaambie wazunguke. Mambo yanageuka, kwa sababu njia yenyewe inarudi ilikoanzia. Waliopishana watapishana tena, na aliyepitwa atapitwa tena, hadi mmoja wao achoke. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa darasa la saba, na hata wa sekondari, wanapoanza kubahatisha: nijumlishe au nitoe? Nitafute kigawe kidogo cha shirika (KDS) au nigawanye? Mwongozo huu ni wa mwanafunzi huyo, na wa mzazi au kaka anayekaa naye jioni mbele ya daftari.

Weka kanuni pembeni kwanza. Swali lolote la namna hii linakutaka ujue mambo mawili: pengo lililopo ni mita ngapi, na pengo hilo linapungua kwa mita ngapi kila sekunde. Ukishayapata, kazi iliyobaki ni kugawanya. Makosa karibu yote ninayoyaona yanatokea kabla ya kugawanya, pale mtu anapoandika namba bila kujiuliza pengo liko wapi.

Chora duara. Weka alama ya pa kuanzia. Weka mishale miwili ya uelekeo. Mchoro huo unachukua nusu dakika, na mwanafunzi anayeuruka huja kutumia dakika kumi akifuta.

Wakielekeana na wakifuatana

Tubaki na watu wetu wawili, tuwaite Ashura na Bakari. Ashura anakimbia mita 5 kwa sekunde, Bakari mita 3. Uwanja una mita 400 kwa raundi. Wanaanza pamoja kwenye mstari mmoja, lakini Ashura anaelekea kulia na Bakari kushoto.

Pengo ni mita ngapi? Wengi hujibu sifuri, maana wamesimama pamoja. Lakini tazama mbele ya Ashura, upande anaokimbilia: ili amkute Bakari uso kwa uso, ni lazima wawili hao wagawane raundi nzima, mita 400. Hilo ndilo pengo. Kila sekunde linapungua kwa 5 + 3 = 8. Kwa hiyo 400 ÷ 8 = sekunde 50. Hakiki: katika sekunde 50 Ashura amekimbia mita 250 na Bakari mita 150, jumla 400. Raundi imeisha, wamekutana. Baada ya kupishana pengo linarudi kuwa raundi nzima, na sekunde 50 nyingine zitawakutanisha tena. Katika dakika 20, ambazo ni sekunde 1,200, watapishana mara 24. Usihesabu kule kuanza pamoja, isipokuwa swali limekuambia uhesabu.

Wakielekea upande mmoja, kasi zinatolewa. Sababu yake anaijua mtu yeyote aliyepanda boti Kibirizi kwenda Gombe. Boti inayotoka Gombe ikija upande wenu, inawapita kwa haraka mno. Hujamaliza kumpungia mkono mtu uliyemtambua, imeshapita. Boti yenye mashine kubwa zaidi, inayokwenda kaskazini kama ninyi, inawakaribia kidogo kidogo, inakaa ubavuni mwenu kwa muda, ndipo inapotangulia. Huenda zote mbili zina kasi ileile juu ya maji. Ukiwa ndani ya boti yako, ya kwanza unaiona kwa kasi zilizojumlishwa, na ya pili kwa tofauti ya kasi.

Ashura na Bakari wakianza pamoja kuelekea kulia, Ashura anatangulia kwa mita 2 kila sekunde. Je, atamkuta Bakari lini? Atakapokuwa amemzidi raundi nzima kamili. Pengo ni mita 400, linamalizwa kwa mita 2 kila sekunde: 400 ÷ 2 = sekunde 200. Hakiki tena: Ashura amekimbia mita 1,000, yaani raundi mbili na nusu, Bakari mita 600, raundi moja na nusu. Tofauti yao ni raundi moja. Na wako wapi? Nusu ya raundi kutoka pa kuanzia, upande wa pili wa uwanja.

Hakiki hiyo usiiache hata siku moja. Wakianza pamoja na kuelekeana, jumla ya umbali wao lazima iwe raundi kamili. Wakianza pamoja na kufuatana, tofauti ya umbali wao lazima iwe raundi kamili. Jibu lisilotimiza hilo ni kosa hata kama kanuni uliyotumia ni sahihi.

Kitu kimoja kuhusu vipimo, tukipite haraka: swali likitoa kasi kwa kilomita kwa saa na uwanja kwa mita, zidisha kwa 5 kisha gawanya kwa 18. Kilomita 18 kwa saa ni mita 5 kwa sekunde, kilomita 10.8 kwa saa ni mita 3 kwa sekunde. Fanya hivyo kabla ya kujumlisha au kutoa.

Pengo la kuanzia

Hapa pana mtego, na watunga mitihani wanaupenda. Bakari amewekwa mita 100 mbele ya Ashura, wote wakielekea upande mmoja. Ashura ana mita 100 tu za kufidia: 100 ÷ 2 = sekunde 50. Baada ya hapo mpango unarudi ule wa zamani, kila sekunde 200.

Geuza: Ashura ndiye aliye mita 100 mbele. Mwanafunzi ataandika tena 100 ÷ 2. Lakini Ashura yuko mbele na ndiye mwenye kasi. Hana haja ya kurudi nyuma. Atamkuta Bakari kwa kuzunguka, na kutoka kifuani mwa Ashura hadi mgongoni mwa Bakari, ukifuata uelekeo wa mbio, kuna mita 300. Jibu ni sekunde 150. Njia ya kuukwepa mtego ni moja: weka kidole juu ya mwenye kasi, kisogeze kuelekea anakokimbia, uhesabu mita mpaka umfikie wa polepole. Kidole hakirudi nyuma.

Filbert Bayi na mtu wa sekunde 80

Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alishinda mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Alitangulia tangu mwanzo na hakumruhusu mtu ampite, na John Walker aliyekuwa wa pili naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Wengi wetu tunalijua jina la Bayi. Tumia hesabu hii uone ukubwa wa alichokifanya.

Muda wake ni sekunde 212.2. Gawanya: 1,500 ÷ 212.2 ni karibu mita 7.07 kwa sekunde, kwa wastani. Sasa chukua kijana mwenye pumzi nzuri anayezunguka mita 400 kwa sekunde 80, yaani mita 5 kwa sekunde, bila kupunguza. Huyo si mzembe; wengi wetu hatumalizi raundi mbili kwa mwendo huo. Waanzishe pamoja mstari mmoja. Tofauti ya kasi ni mita 2.07 kwa sekunde, pengo ni 400, na 400 ÷ 2.07 ni karibu sekunde 193. Bayi angempita raundi nzima akiwa mita 1,366 toka mwanzo, huku kijana akiwa mita 966, na bado Bayi angebakiwa na zaidi ya mita 130 za kumaliza.

Liulize swali kwa upande wa pili, maana hapo ndipo linapofundisha zaidi: kijana angehitaji kasi gani ili asipitwe? Bayi anapomaliza mita 1,500, kijana lazima awe amevuka mita 1,100. Muda ni uleule, sekunde 212.2. Basi 1,100 ÷ 212.2 ni karibu mita 5.18 kwa sekunde, yaani raundi ya mita 400 kwa takriban sekunde 77. Sekunde tatu tu kwa raundi zinamtenganisha aliyepitwa na aliyeponea chupuchupu. Maswali ya "asipitwe" au "ampite kabla ya kumaliza" yote yanajibika hivi: hesabu umbali, kisha ongeza au punguza raundi moja.

Kwenye mbio za mita 10,000, raundi 25, kupitwa raundi nzima hutokea mara nyingi, ndiyo maana kunakuwa na waamuzi wa kuhesabu raundi za kila mkimbiaji. Anayeonekana yuko bega kwa bega na kiongozi huenda amebakiza raundi moja zaidi yake.

Swali lisilotaja mita

"Mmoja huzunguka uwanja kwa sekunde 72, mwingine kwa sekunde 120. Wameanza pamoja. Watakutana lini?" Urefu wa uwanja haukutajwa, na hauhitajiki. Ufanye uwanja wote kuwa 1. Wa kwanza anamaliza 1/72 ya raundi kila sekunde, wa pili 1/120. Pengo ni raundi 1. Wakifuatana, toa: 1/72 − 1/120 = 5/360 − 3/360 = 2/360. Watakutana baada ya sekunde 180. Wakielekeana, jumlisha: 8/360, hivyo sekunde 45. Njia ya mkato ni kuzidisha muda wa raundi za wote wawili, 72 × 120 = 8,640, kisha kugawanya kwa tofauti ya muda (48) wakifuatana, au kwa jumla yake (192) wakielekeana. Majibu ni yaleyale.

Swali likibadilika kidogo, likasema "watakutana tena pale walipoanzia lini?", hapo ndipo KDS inapofanya kazi. Kila mmoja lazima awe amemaliza raundi kamili. Kigawe kidogo cha shirika cha 72 na 120 ni 360. Baada ya sekunde 360 wa kwanza amemaliza raundi 5 na wa pili raundi 3, wote wako kwenye mstari. Anayetumia KDS kwa swali la "watakutana lini kwa mara ya kwanza" atapata 360 badala ya 180, na atakosa.

Kinachowachanganya wanafunzi ni kwamba mara nyingine majibu mawili hulingana. Jaribu sekunde 84 na 105, wakielekea upande mmoja. KDS ni 420. Kanuni ya kukutana: 84 × 105 ÷ 21 = 420. Ni namba moja, na mwanafunzi anaamini kuwa KDS ndiyo njia ya kila swali. Sababu ya kulingana iko kwenye uwiano. Katika sekunde 420 mmoja anazunguka mara 5 na mwingine mara 4. Uwiano wa kasi zao ni 5 kwa 4, tofauti ni 1, kwa hiyo wana mahali pamoja tu pa kukutana, napo ni pa kuanzia. Katika mfano wa 72 na 120 uwiano ni 5 kwa 3, tofauti ni 2, na wana mahali pawili.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele kizuri kuliko vyote katika somo hili, na hakisisitizwi vya kutosha. Punguza uwiano wa kasi hadi usiweze kupungua tena. Wakifuatana, idadi ya mahali pa kukutana ni tofauti ya namba hizo mbili. Wakielekeana, ni jumla yake. Ashura na Bakari, 5 kwa 3, wakielekeana watakutana mahali 8 tofauti, na mahali hapo pamegawanya uwanja sawasawa, kila mita 50. Ukiambiwa kasi ni mita 6 na mita 4 kwa sekunde, usikimbilie kusema 10 na 2. Uwiano ni 3 kwa 2, hivyo majibu ni 5 na 1.

Watatu wakiwepo, wachukue wawili wawili. Mwongeze kwa Ashura na Bakari mzee anayetembea kwa ajili ya afya yake, mita 1 kwa sekunde, wote watatu wakianza pamoja na kuelekea upande mmoja. Ashura na Bakari hukutana kila sekunde 200. Bakari na mzee, 400 ÷ 2, pia kila 200. Ashura na mzee, 400 ÷ 4, kila sekunde 100. Wote watatu watakuwa pamoja kwenye KDS ya vipindi hivyo, sekunde 200, upande wa pili wa uwanja: raundi 2.5, raundi 1.5, na nusu raundi. KDS hapa ni ya vipindi vya kukutana. Swali lingewataka wakutane wote pa kuanzia, ingekuwa ya muda wa raundi zao.

Hesabu hii hata saa ya ukutani inaitumia. Mshale wa dakika unazunguka kwa saa 1, wa saa unazunguka kwa saa 12, upande mmoja. Kwa njia ya mkato, 1 × 12 ÷ 11 = saa 12/11, yaani dakika 65 na 5/11. Mishale ikilaliana saa sita kamili, italaliana tena saa saba na dakika tano na sekunde 27 hivi.

Pima mwenyewe

Uwanja si lazima uwe duara. Inatosha njia irudi ilikoanzia. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, ukizungukwa juu ya mistari ya chokaa, ni mita 346. Wa shule yako huenda ni mdogo zaidi, na kwa kazi hii si tatizo.

Kwenye uwanja wa riadha wa kimataifa kuwa mwangalifu na njia. Mita 400 ni za njia ya kwanza peke yake. Njia ya pili inazidi kwa mita 7.04 kila raundi, na kila inayofuata huongeza mita 7.67. Mkimbiaji wa mita 5 kwa sekunde akikaa njia ya pili kwa raundi tatu amekimbia mita 21 za ziada, ambazo ni zaidi ya sekunde 4. Wawili wakiwa kwenye njia tofauti, acha mita, tumia muda wa raundi kama tulivyofanya kwenye 72 na 120. Mtu akikamilisha raundi, amekamilisha, iwe fupi au ndefu.

Sasa tafuta wenzako watatu na simu mbili zenye saa ya kupimia muda. Nenda jioni jua likishapungua. Mmoja akimbie taratibu, mwingine atembee kwa haraka. Wapime kila mmoja raundi moja akiwa peke yake, na wote wakatae kukata kona, kwa sababu kona iliyokatwa inaharibu kipimo kuliko saa mbovu. Tuseme mkimbiaji ametumia sekunde 120 na mtembeaji 210. Kabla hawajaanza, andika utabiri: 120 × 210 = 25,200. Wakifuatana, 25,200 ÷ 90 = sekunde 280. Wakielekeana, 25,200 ÷ 330, karibu sekunde 76. Uwiano wa kasi ni 7 kwa 4, hivyo wakifuatana watakutana mahali patatu tu. Kukutana kwa kwanza mkimbiaji atakuwa amekwenda raundi 2 na theluthi, mtembeaji raundi 1 na theluthi. Chomeka kijiti theluthi moja ya raundi kutoka mstari, na kingine theluthi mbili.

Waanzishe pamoja na usimame kwenye kijiti cha kwanza. Saa ikisoma 290 badala ya 280, mmoja wao amebadilisha mwendo, na unaweza kujua ni nani: tazama mtembeaji amevuka mstari wa kuanzia sekunde ya ngapi. Mkimbiaji akiwa amechoka, mtembeaji anapata muda zaidi na watakutana mbele ya kijiti. Mtembeaji akiwa ameongeza mwendo, pia watakutana mbele, lakini yeye atakuwa amevuka mstari wa kuanzia kabla ya sekunde ya 210. Kwa hiyo mwenzako wa tatu, mwenye simu ya pili, asimame pale mstarini.

Mwisho, jaribu kinyume chake. Wapishane wakielekeana na uandike muda kati ya kukutana na kukutana. Kisha wafuatane na uandike tena. Ukipata sekunde 50 na sekunde 200 kwenye uwanja wa mita 400, jumla ya kasi zao ni 8 na tofauti ni 2. Jumlisha, 10, gawanya kwa mbili: 5. Toa, 6, gawanya kwa mbili: 3. Umepata kasi ya kila mmoja bila kumpima hata mmoja akiwa peke yake.